Kipupwe Kinakaribia: Tulitazame na Shamba la Jirani

 

Huku pwani yetu masika yanakwisha. Kuanzia Somanga mpaka Kilwa Masoko, na kushuka Kiranjeranje, Mchinga hadi Lindi, wakiamka watu wanasema neno moja: "Leo baridi." Upepo wa kusi umeanza. Wavuvi wanautazama kwanza kabla ya kusukuma chombo majini, maana mawimbi ya wakati huu si ya mchezo. Wakulima wa ufuta wanakata na kuusimamisha mafungu mafungu ukauke. Bibi zetu wanatafuta lile shuka zito lililofichwa sandukuni.

Huu ndio upepo uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni na Bara Hindi tangu enzi za masultani wa Kilwa Kisiwani. Kaskazi iliyaleta, kusi ikayarudisha. Lakini leo hatusomi habari za majahazi. Tunasoma habari ya kitu kingine kinachosafiri na upepo. Ni kidogo sana, hata kikiruka mbele ya uso wako hukioni. Kinaingia shamba la mtu bila hodi, na kinaweza kuondoka na fedha yote ya mwaka.

Kitu hicho ni ubwiriunga. Tulisome neno hili polepole: u-bwi-ri-u-nga. Ubwiri ni ukungu unaoshambulia mimea. Unga kila mtu anaujua. Basi ubwiriunga ni ukungu unaoonekana kama unga mweupe uliomwagwa juu ya majani machanga na maua ya mkorosho. Ukiona maua yamepakwa unga, halafu yanageuka rangi ya kahawia, yanakauka na kudondoka, ndiyo huo. Ua lililokauka halizai korosho. Hata kibibo kikishika, mara nyingi kinakuwa kibaya, kimepasuka na kina makovu.

Kwa nini unakuja kipupwe? Ukungu huu hupenda baridi kiasi na unyevu wa hewa. Sasa angalia jinsi mambo yalivyokutana. Mkorosho hutoa majani machanga na maua wakati wa kipupwe, usiku una baridi, alfajiri kuna umande, na upepo unavuma. Ugonjwa umepata chakula, umepata hali ya hewa, na umepata na gari la kusafiria.

Mtu atauliza: "Je, wakati wa masika ugonjwa huu unakaa wapi?" Swali zuri. Unakaa palepale shambani. Ndani ya mkorosho, chini kwenye shina na matawi makubwa, huchipua vijiti laini vyenye majani machanga. Tunaviita maotea. Viko kivulini, jua haviwapigi sawasawa, na daima vina majani laini. Ubwiriunga hujificha humo ukisubiri maua. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji fedha hata senti moja. Inataka panga au msumeno tu. Kata maotea yote kabla maua hayajachomoza. Punguza na matawi yanayogusana na yaliyokufa, ili jua na hewa vipite ndani ya mti. Kisha yatoe nje ya shamba.

Tukumbushane kidogo habari za nyuma, maana vijana wengi hawakuziona. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Kufika katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Wazee wanakumbuka miti mikubwa iliyosimama bila kuzaa, na watu wakaikata kuni na mkaa. Sababu hazikuwa moja. Bei aliyopata mkulima ilikuwa ndogo. Watu wengi walihamia vijiji vipya miaka ya 1970, mashamba yao ya zamani yakabaki mbali, yakawa pori. Halafu mwishoni mwa miaka hiyo ubwiriunga ukaingia, ukakuta mikorosho haina mtu wa kuitazama. Ni kama mgeni mbaya aliyekuta mlango wazi na wenyewe hawapo.

Watafiti wa Naliendele, kule Mtwara, pamoja na wakulima, ndio waliotuonyesha njia ya salfa na ya kusafisha miti. Mavuno yakapanda tena pole pole. Msimu wa 2017/18 nchi ilipata zaidi ya tani 300,000. Kwa hiyo ugonjwa huu unazuilika.

Sasa tufanye hesabu ya salfa ya unga. Chukueni kalamu. Kipimo kilichozoeleka kwa mkorosho mkubwa ni gramu 250 kila unapopuliza, na hupulizwa mpaka mara 5 kwa msimu, kila baada ya siku 14. Mkorosho mdogo hupata pungufu. Bwana Shamba atawaambia. Tuseme una mikorosho mikubwa 40. Mara 250 ni gramu 10,000, yaani kilo 10. Hiyo ni safari moja. Safari 5 ni kilo 50, yaani mifuko 2 ya kilo 25. Ukipata mfuko mmoja tu, utatosha miti 20 kwa msimu mzima. Wapo wanaosema, "Tutagawa hivyo hivyo, kila mti upate kidogo." Sisi tunaona hiyo ni kupoteza mfuko. Heri upunguze miti kuliko kupunguza kipimo. Chagua ile inayozaa vizuri uipe haki yake.

Pulizeni alfajiri na mapema, upepo umetulia na umande bado uko juu ya majani. Umande unaishika ile salfa. Jua likishapanda na upepo ukianza, salfa yako inakwenda kutibu bahari. Anza maua yanapochomoza. Usingoje mti mzima uchanue. Wala usihesabu kwa kalenda peke yake. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa hata barabara ya Lindi na Dar es Salaam ikakatika huko Somanga, wakati ambao wengi tulidhani masika yamekwisha. Mwaka si ndugu wa mwaka mwingine. Nenda shambani ukautazame mti wenyewe.

Anayepuliza azibe pua na mdomo, avae na kitu cha kukinga macho. Salfa inawasha, tena inashika moto, kwa hiyo sigara iwe mbali. Watoto wasikae karibu. Siku hizi zipo pia dawa za maji. Hizo vipimo vyake ni vingine, na siku za kurudia ni nyingine. Hapa ndipo kusoma kunapotusaidia. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, kila neno, usisome picha tu. Usipoelewa, mpelekee Bwana Shamba chupa hiyo hiyo kabla hujaifungua. Halafu jambo moja tulitaje tupite: salfa haiui mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi mpaka yanakuwa meusi. Wale siafu wekundu tunaowaita maji moto, wanaotuuma tukipanda mti, huwawinda wadudu hao. Wasichomwe moto.

Sasa tumefika kwenye shida yenyewe. Umekata maotea yako, umenunua au umegawiwa salfa, umepuliza mara zote 5. Lakini upande wa kusini umepakana na shamba ambalo halijaguswa miaka minne. Mwenyewe yuko Dar es Salaam. Pori limepanda hadi matawini, maotea yamejaa, na unga ni mweupe kutoka mbali. Kusi ikivuma, ule unga unakuja kwako. Salfa yako inapigana na shamba la mtu mwingine. Hapo utafanyaje?

Na si ubwiriunga peke yake. Shamba hilo hilo ndilo litakaloleta moto. Nyasi za mwezi Juni bado zina maji kidogo; moto wake ni mdogo na unazimika. Nyasi za Septemba na Oktoba ni kama baruti. Mtu anasafisha shamba la ufuta, au anarina asali, au anawinda, moto unamponyoka, unaingia porini, unapanda mikorosho wakati korosho ziko juu. Mti wa miaka 20 unaungua kwa dakika chache. Hapa wilayani Kilwa viko vijiji vyenye misitu yao ya kijiji vilivyojifunza kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado mbichi kidogo, kwa mpango na kwa kulinda, ili moto mkali wa baadaye ukose chakula. Kwa mashamba yetu ya mikorosho lililo rahisi zaidi ni barabara ya moto: ukanda uliofyekwa na kulimwa mpakani, mpaka udongo uonekane. Majirani wawili wakilima pamoja, kila mmoja upande wake, inakwisha siku mbili. Na kila anayetaka kuchoma amwambie jirani na mwenyekiti wa kitongoji siku moja kabla. Vijiji vingi vina sheria ndogo juu ya jambo hili; ulizeni ofisini kwenu mwisomewe, au bora zaidi, mjisomee wenyewe.

Turudi kwa mwenye shamba aliye mbali. Wengi wetu tunanung'unika tu kibarazani. "Fulani katutupia pori." Kunung'unika hakukati maotea. Siku hizi simu ipo. Hebu sikilizeni mazungumzo haya ya mtu na mjomba wake. Someni wawili wawili darasani, mmoja awe mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mjomba, tunamshukuru Mungu. Nimekupigia kwa ajili ya ile mikorosho yako tunayopakana. Pori limekuwa kubwa, na unga umeshaanza."

"Najua, mwanangu. Ila mwaka huu fedha sina."

"Fedha siombi, mjomba. Naomba ruhusa tu. Nifyeke, nikate maotea, na nikipata salfa nipulize ile mistari iliyo karibu na kwangu."

"Aa! Halafu kesho kutwa useme mikorosho ni yako kwa kuwa umeitunza."

"Ndiyo maana nataka tuandikiane, mjomba."

Hofu ya mjomba si ya bure. Huku kwetu mti ni ushahidi. Aliyepanda mkorosho huhesabiwa kuwa na haki mahali pale, na anayeutunza miaka mingi huanza kuitwa mwenyewe. Ardhi inaweza kuwa ya huyu na miti ya yule. Wengine wameweka mikorosho rehani, mwenye deni akafa, watoto hawajui hesabu ilikuwaje. Ndugu wa tumbo moja wameacha kuzikana kwa mikorosho sita. Kwa hiyo mtu akikataa jirani asiguse miti yake, usimwite roho mbaya. Anaogopa. Dawa ya hofu hiyo ni karatasi, na sisi tuliomaliza kisomo tunaweza kuiandika wenyewe. Iwe fupi, hivi:

"Leo tarehe ........ mwezi ........ mwaka ........ Mimi ................ mwenye mikorosho ........ iliyoko kitongoji cha ................ nimemruhusu jirani yangu ................ asafishe shamba, akate maotea na apulize dawa kwa msimu huu mmoja. Mikorosho na ardhi ni mali yangu na inabaki kuwa mali yangu. Gharama tutalipana hivi: ................ Korosho tutagawana hivi: ................ Sahihi ya mwenye shamba ................ Sahihi ya jirani ................ Mashahidi ................ na ................"

Idadi ya miti iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno: 12, kumi na mbili. Tarakimu peke yake ni rahisi kuongezewa sifuri. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, lakini kwanza asomewe karatasi yote kwa sauti mbele ya mashahidi. Nakala ziwe 3: moja ya mwenye shamba, moja ya jirani, moja ibaki ofisi ya kijiji. Na neno "msimu huu mmoja" msilisahau. Mwakani mkitaka kuendelea, andikeni nyingine.

Je, kama mwenye shamba hana fedha na jirani naye hana? Hapo ndipo watu wa kangomba hufika, na vikombe vyao, wakitoa fedha kidogo sasa kwa korosho za Oktoba. Tunawaelewa wanaoingia, njaa haina adabu. Lakini fedha ya ufuta inakuja miezi hii hii, kabla au wakati wa salfa. Anayeuza ufuta atenge fedha ya safari mbili za kwanza siku hiyo hiyo ya malipo, kabla haijafika dukani. Na kama serikali inagawa salfa kwa wakulima walioandikishwa, hakikisha jina lako na idadi ya miti yako viko sawa katika daftari la chama chenu cha msingi. Nenda ukajisomee jina lako kwa macho yako. Herufi moja ikikosewa unaweza kurudi mikono mitupu.

Kazi ya darasa wiki hii ni hii. Kila mmoja achore shamba lake katika daftari, aonyeshe kusini iko wapi, na aandike majina ya majirani wa pande zote nne. Ahesabu mikorosho yake na kilo za salfa zinazohitajika kwa msimu. Pale palipo na shamba lililoachwa, aandike mwenyewe yuko wapi na nani kijijini ana namba yake ya simu. Mwalimu akusanye michoro yote aiunganishe kitongoji kizima, kisha mwenyekiti aletewe kabla maua hayajachomoza.