SOMO: KONOKONO WA ETANGI NA AFYA YA WATOTO WETU

Mama mpenzi, kama nyumbani kwenu muko na etangi ya samaki, ni jambo zuri sana. Mtoto aliyeachishwa maziwa, akipata samaki pamoja na bugali, mwili wake unajengwa na bwaki haimshiki upesi. Basi hatukuambii ufukie etangi. Leo tunajifunza juu ya mgeni anayeishi ndani yake: konokono.

1. Wamama wanasema nini?

Wengine wanasema: «Usitoe konokono, wao ndio wanafagia etangi.» Ni kweli, konokono anakula ule ute wa kijani unaoshika mawe na majani. Lakini angalia tilapia wako: yeye pia anakula vitu vya kijani vya majini, tena ananenepa navyo. Kwa hiyo kazi ile iko na mfanyakazi tayari. Konokono hakuongezei kitu katika sufuria, na anaweza kukuletea ugonjwa.

2. Ugonjwa gani?

Ni bilarziozi, ambayo wengine wanaita kichocho. Mdudu wake alionekana mara ya kwanza kwa macho ya daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, kule Cairo mwaka 1851. Ile ya matumbo imeenea sana katika jimbo la Ituri, na iko sehemu nyingine nyingi za Congo.

Inapita njia hii:
– Mtu mgonjwa anaenda choo karibu na maji. Mayai ya mdudu yanaingia majini na kupasuka.
– Kadudu kadogo kanatafuta konokono na kuingia ndani yake.
– Kisha kama mwezi mmoja hivi, konokono mmoja anatoa vidudu kwa maelfu. Vinatoka zaidi mchana, wakati jua ni kali, ni kusema saa ile watoto wanapenda kuoga.
– Kidudu kinapenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Haihitaji kidonda, haihitaji kunywa maji.

Konokono wa bilarziozi ya matumbo ni mdogo kama kifungo cha shati, amejikunja kama kamba iliyolazwa chini. Kwa macho huwezi kujua yupi amebeba ugonjwa. Na ukiona maji ni safi, usidanganyike: vidudu vile havionekani.

3. Alama kwa mtoto

Mwanzoni anaweza kujikuna au kupata homa. Baadaye tumbo linauma, anahara, na pengine damu inaonekana katika choo. Damu inapunguka mwilini, mtoto anachoka, masomo yanamshinda. Miaka ikipita bila dawa, maini na bandama vinavimba, tumbo linakuwa kubwa, na mtu anaweza kutapika damu. Kama ni bilarziozi ya kibofu, damu inaonekana katika mkojo. Usiseme, «Ni minyoo tu, itapita.» Lete mtoto, tupime choo na mkojo wake.

4. Dawa

Dawa ni prazikwanteli. Muuguzi anapima kilo za mtoto kwanza, ndipo anahesabu vidonge. Usinunue sokoni na kukisia. Tangu mwaka 2022, Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kuwapa hata watoto wadogo kuanzia miaka 2. Mama anayenyonyesha anaweza kuipata, na mwenye mimba pia, kisha miezi 3 ya kwanza. Lakini dawa haifungi mlango: mtoto akirudi kuoga katika maji yale yale, ataugua tena.

5. Tufanye nini nyumbani?

a) Usijenge choo juu ya etangi wala karibu nayo. Kama kuna choo cha namna ile, kihamishe. Bila mavi na mkojo wa watu kuingia majini, konokono hapati ugonjwa wa kutupa.
b) Ngoa majani yote ya kando na ndani ya maji. Yatupe mbali, kwa sababu konokono na mayai yao wanashikamana nayo.
c) Toa konokono kwa reki au kikapu chenye mti mrefu, ukisimama inje ya maji. Anayeingia majini avae bote.
d) Mukisha kuvua samaki wote, acha etangi ikauke mpaka udongo upasuke, kisha mwaga chokaa. Konokono wengine wanajificha katika matope, kwa hiyo endelea kuangalia.
e) Mtoto asioge wala kucheza ndani. Kama huna maji mengine ya kuoga, chota, hakikisha hakuna konokono, funika, na uache siku 2 nzima, vidudu vitakufa. Ama chemsha.

Usiogope kula samaki wa etangi. Bilarziozi haipiti katika samaki aliyepikwa.

KUMBUKA: Konokono peke yake haanzishi ugonjwa, anaupokea kwetu na kuturudishia. Choo kikiwa mbali, majani yakingolewa, mtoto akikaa inje ya maji, etangi itabaki na samaki tu.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Choo chenu kiko hatua ngapi toka etangi?
2. Nani anaingia majini kwenu, na saa gani?
3. Utamwambia nini jirani anayesema konokono ni mfagiaji?