Dondoo Muhimu: Bunduki ya Mawindo Isipolia
Uvutapo kifyatulio ukasikia mgongano mkavu wa chuma tu, usiifungue bunduki kwa pupa, maana baruti huweza kukawia kushika moto. Uelekeze mtutu mahali pa salama hata zipite sekunde 30 kamili, nami nalihesabu hili kuwa muhimu kuliko yote yafuatayo. Kisha itoe risasi uitazame fataki, lile duara dogo kitakoni mwa ganda: alama ya msumari uigongao ikiwa hafifu, aghalabu sababu ni mafuta yaliyoganda ndani ya komeo, au kamani iliyolegea, ambayo ni kazi ya fundi; ikiwa imebonyea barabara, basi ila ni ya risasi yenyewe. Na iwapo ulisikia mlio dhaifu, ondoa komeo uchungulie mtutu kwa nyuma, kwani kichwa cha risasi kikisakama humo, risasi ya pili huupasua.