Binti Akisema Ziwa Linauma



Somo letu la mwezi huu ni juu ya maumivu ya matiti kwa wasichana na akina mama vijana. Ni jambo la kawaida sana, lakini wengi hulinyamazia. Binti huona haya kumwambia mama yake. Mwingine amesikia habari za saratani, basi ziwa likimchoma kidogo hudhani siku zake zimekwisha. Tena lipo kosa lililo kinyume cha hilo: mwenye uvimbe hukaa nao mwaka mzima kwa sababu tu hauumi.

Kwa hiyo tushike neno hili tangu mwanzo: maumivu peke yake ni nadra kuwa saratani, lakini uvimbe mpya, hata kama hauumi, haungojewi.

MBONA MATITI HUUMA?

1. Hedhi. Hii ndiyo sababu ya kawaida kwa vijana. Kila mwezi mwili wa mwanamke hutengeneza homoni, yaani vichocheo vinavyoutayarisha kwa ajili ya mimba. Homoni hizo hufika pia kwenye matiti, yakajaa na kuwa mazito. Maumivu huanza siku chache au hata wiki mbili kabla ya hedhi. Huwa katika matiti yote mawili, hasa upande wa nje kuelekea kwapani. Hedhi ikianza, hupungua. Huu si ugonjwa.

2. Kuota matiti. Wasichana wengi huanza kuota kati ya miaka 8 na 13. Mara nyingi upande mmoja hutangulia: chini ya chuchu hutokea kitu kigumu kama kifungo, kinachouma kikiguswa. Upande wa pili hufuata baada ya miezi kadhaa. Wazazi, msikikande kitu hicho, wala msikubali kichanjwe chale au kukatwa. Hilo ndilo ziwa lenyewe linaloanza. Likiharibiwa, halitaota tena vizuri.

3. Misuli ya kifua. Msichana anayechota maji, kutwanga au kulima hupata maumivu ya misuli na mbavu akadhani ni ziwa. Maumivu haya huwa upande mmoja, mahali pamoja, na huzidi akiinua mkono au akibonyeza ubavu.

4. Mimba na dawa. Matiti kuuma ni mojawapo ya dalili za kwanza za mimba. Baadhi ya dawa zenye homoni nazo huleta maumivu. Anayetumia dawa yoyote amweleze daktari bila kuficha.

5. Kunyonyesha. Ziwa hujaa likauma, au chuchu hupasuka kwa sababu mtoto hakushika vizuri. Likiwa jekundu na la moto, na mama akipata homa, huenda lina uambukizo.

NINI KIFANYIKE NYUMBANI?

Jambo la kwanza ni kuandika. Binti achukue kalenda, aweke alama siku za hedhi na alama nyingine siku za maumivu. Akina mama wanaofuata njia za asili za kupanga uzazi wameshazoea kuandika hivyo, basi wawafundishe binti zao. Baada ya miezi 2 au 3 kalenda itasema yenyewe. Maumivu yakija na kuondoka pamoja na hedhi, moyo utulie.

Pili, avae sidiria inayomtosha vizuri, isiyobana wala kulegea, hasa wakati wa kazi na michezo. Wengine hupata nafuu wakivaa iliyo laini hata usiku.

Tatu, kitambaa cha maji ya uvuguvugu au cha maji baridi huweza kutuliza. Kila mtu achague kinachomfaa.

Nne, maumivu yakizidi, mtu mzima aweza kumeza parasetamo: vidonge 2 vya miligramu 500, akirudia baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Kwa msichana mdogo, muulizeni muuguzi kiasi chake.

Mama anayenyonyesha asimwachishe mtoto kwa sababu ya maumivu. Maziwa ya ziwa hilo hayamdhuru mtoto, na kuacha ghafula huweza kuleta jipu. Aendelee kunyonyesha kama kawaida, apumzike, aweke kitambaa baridi baada ya kunyonyesha, wala asilikande ziwa kwa nguvu. Homa isipopungua kwa siku moja, au akiona usaha, aende kituo cha afya. Uambukizo hutibiwa kwa dawa za antibiotiki, na jipu hutolewa usaha na mtaalamu. Nyumbani lisitumbuliwe.

WAKATI GANI TWENDE HOSPITALI?

Nendeni bila kukawia mkiona mojawapo ya haya:

– uvimbe mpya katika ziwa au kwapani, unaouma au usiouma;
– ngozi iliyoingia ndani, au yenye vishimo kama ganda la chungwa;
– chuchu iliyogeuka na kuingia ndani, ambayo zamani haikuwa hivyo;
– damu inayotoka kwenye chuchu;
– kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona;
– maumivu ya mahali pamoja yanayoendelea bila kufuata hedhi.

Uvimbe mwingi wa wasichana si saratani. Upo ule laini kidogo kama mpira, unaotelezateleza chini ya vidole, nao huonekana sana kati ya miaka 15 na 35. Lakini vidole vya nyumbani haviwezi kuamua. Daktari atapima kwa mkono, kisha pengine kwa ultrasaundi, na ikibidi atachukua sehemu ndogo kwa sindano ipelekwe maabara. Binti asiogope sindano hiyo. Ndiyo itakayomwambia ukweli.

Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na wapatao 670,000 walifariki. Wengi wao ni watu wazima, lakini vijana nao wamo. Inayogunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Hapa Tanzania matibabu yanapatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Anayezunguka kwanza kwa waganga wa kienyeji miezi 6 huja wakati kazi imekuwa ngumu.

NENO KWA WAZAZI

Kila tarehe 5 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Agata, bikira na shahidi wa Catania, Italia, ambaye mapokeo yasema alikatwa matiti kwa ajili ya imani yake. Wenye magonjwa ya matiti humwomba awaombee. Tusali, na pia tuwapeleke wagonjwa wetu kwa daktari. Mambo haya mawili hayapingani.

Mama, binti yako akisema ziwa linauma, usimkemee wala usimcheke. Msikilize. Leo atakuambia maumivu ya hedhi. Kesho, akiona uvimbe, atajua wa kumwambia. Na wewe baba, nauli ya hospitali ikihitajika, usiseme "tungoje mavuno".

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini mabinti wetu huona haya kutueleza maumivu yao?
2. Taja dalili 3 zinazotaka kwenda hospitali mara moja.
3. Jumuiya yetu itamsaidiaje dada asiye na nauli?