Safari Hupangwa Nyumbani

Mtu mmoja wa Moshi aliweka akiba miaka miwili ili awapeleke mkewe na watoto wake kutazama wanyama wa porini wakati wa likizo ya Julai. Alikusudia kwenda Ndutu, kusini mwa Serengeti. Lakini mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 15, alinung'unika, maana hakuulizwa neno lo lote.

Mama akasema, "Baba Watoto, mpe naye kazi." Basi kijana akaambiwa achunguze habari za wanyama.

Baada ya siku tatu akasema, "Baba, nyumbu hawakai mahali pamoja, hufuata mvua na majani mabichi. Mwezi wa Februari huzaa katika mbuga za kusini. Ifikapo Julai huwa wamekwisha kwenda magharibi na kaskazini, kuelekea mto Mara. Tukienda Ndutu tutakuta nyasi kavu. Lakini katika bonde la Ngorongoro maji yapo mwaka mzima, na wanyama wengi hawahami."

Baba akafurahi, akabadili shauri. Kisha wote wakaandika mahitaji: nguo nzito, kwa kuwa ukingo wa bonde hilo umepita mita 2,200 juu ya bahari, na Julai kuna baridi, darubini, na dawa. Wakaagana pia kwamba mtu asishuke garini ila mahali paliporuhusiwa.

Akiba ya miaka miwili ingalipotea bure. Kuuliza si ujinga.

Maswali
1. Kwa nini nyumbu huhama?
2. Kijana aliacha kunung'unika kwa sababu gani?