Bahari ya Norwei inapogeuka kijani

Kwa nini maji hubadilika rangi kuanzia Machi hadi Mei?

Ni planktoni: viumbe vya chembe moja vinavyoishi kwa mwanga, visivyoonekana kwa macho kimoja kimoja, vinavyoelea kufuata maji. Daiatomu, zenye ganda la silika, kwa kawaida ndizo hutangulia.

Je, ni joto linaloziamsha?

Hapana, maji bado ni baridi kali. Kinachoamua ni mwanga na mbolea. Msimu wa baridi, dhoruba hukoroga bahari mamia ya mita kwenda chini na kupandisha naitreti na fosfeti. Chakula kipo tele, ila planktoni nazo huzamishwa gizani. Jua likirudi, tabaka la juu hupata joto kidogo, huwa jepesi na kutulia. Planktoni hubaki kwenye mwanga na kuzaana mpaka mbolea iishe.

Ndivyo alivyoeleza mwanasayansi wa bahari Harald Sverdrup mwaka 1953, kwa vipimo vya meli ya hali ya hewa iliyokaa katika Bahari ya Norwei. Mwaka 2010 Mmarekani Michael Behrenfeld alimpinga: ongezeko huanza msimu wa baridi ungalipo, kwa kuwa maji yakikorogwa sana, walaji wa planktoni hutawanyika na kukosa mawindo. Wanasayansi wangali wanavutana. Kwa vyovyote, anayepima wakati wa masika tu amechelewa.

Mikondo ina kazi gani?

Chewa wa maji baridi hutaga kwenye visiwa vya Lofoten, na mkondo wa pwani huyachukua mayai kaskazini hadi Bahari ya Barents. Njiani vitoto hula makinda ya Calanus finmarchicus, kopepodi (mnyama mdogo wa baharini) anayekula planktoni hizo. Mlo ukiwahi au kuchelewa, vingi hufa njaa.

Haya yote hupimwaje?

Satelaiti husoma rangi ya bahari, mawingu yakiruhusu. Maboya ya Argo huzama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku kumi hivi. Lakini chombo cha kunasa planktoni kilichobuniwa na mwanasayansi Alister Hardy, kinachokokotwa na meli za mizigo tangu 1931, hakijastaafu. Kwenye kina cha mita kumi hivi, maji huingia kwa tundu dogo mbele na kuchujwa na utepe wa hariri unaojiviringisha taratibu ndani ya fomalini. Maabarani, mtu huukunjua na kuulinganisha ukijani wake na kipimo cha rangi. Hakuna cha kujivunia kiteknolojia hapo, ila kwa kuwa hariri ile haijabadilishwa, kijani cha mwaka huu chaweza kupimwa dhidi ya kile cha miaka ya 1950.