NASHIKA MOJA, LAKINI MKONO UKO MTUPU
(Somo juu ya michezo na vitu vya kufundishia watoto hesabu)



Safari hii hatutaandika juu ya usafi wala juu ya wale wanaochelewa kengele. Tunataka tuongee juu ya hesabu ya watoto wa primeri. Wengi wetu wa pedagojia tutarudi tena kwenye staji, na ninyi wengine wote muko na wadogo zenu nyumbani. Basi neno hili ni la kila mtu.

Tulipokuwa staji katika darasa la tatu la primeri hapa mujini, tulikuta binti mmoja wa miaka tisa. Tulimwandikia 27 + 15 kwenye tablo. Akajibu 312. Tukamuuliza amefanya namna gani. Akasema bila woga: "7 na 5 ni 12, 2 na 1 ni 3." Tukamkumbusha kanuni kama vile sisi wenyewe tulivyofundishwa: "Unaandika 2, unashika 1." Yule mtoto akafungua mkono wake, akauangalia, akauliza: "Yaya, nashika nini?"

Darasa lote likacheka. Sisi pia tulicheka, lakini jibu hatukuwa nalo. Tangu miaka mingi tulikuwa tunasema "nashika moja" bila kujua tunashika kitu gani.

Siku ileile, saa nane mchana, tulipita ku soko ya Nyawera, tukamkuta anauza nyanya na mama yake. Tulichukua mafungu matatu ya 500, tukatoa noti mbili za 1.000. Kabla hatujamaliza kufikiri, alikuwa amesharudisha franka 500. "Ulihesabu namna gani?" Akajibu: "Minahesabu tu." Mama yake akatuambia kwamba mtoto akirudia darasa mara ya pili, atabaki palepale ku soko, maana shule inamshinda.

Kumbe mtoto hakukosa akili ya hesabu. Alikosa njia ya kutoka mkononi mpaka kwenye daftari. Njia hiyo ndiyo somo letu la leo.

1. Vijiti na mafungu

Chukueni vijiti vya mafagio au vya matete. Mtoto ahesabu kumi, afunge na kamba. Lile fungu ni "kumi moja". Sasa 27 ni mafungu mawili na vijiti saba, na 15 ni fungu moja na vijiti vitano. Aweke vyote pamoja. Vijiti vinakuwa 12. Je, tunaweza kufunga fungu lingine? Ndiyo, na vijiti viwili vinabaki. Lile fungu jipya analiinua: hilo ndilo "moja" tunaloshika! Si moja, ni kumi moja. Mafungu yanakuwa manne, vijiti viwili: 42.

Kwa kutoa, tunafanya kinyume. 42 - 17: vijiti viwili havitoshi kutoa saba. Basi fungua kamba ya fungu moja, upate vijiti 12. Toa saba, vinabaki vitano. Mafungu yalibaki matatu, toa moja, yanabaki mawili. Jibu ni 25.

Angalieni pia lugha yetu inavyosaidia. Hapa kwetu hatusemi "ishirini na saba", tunasema "makumi mbili na saba". Mtoto akisema hivyo amekwisha kutaja mafungu mawili na vijiti saba. Tumwache aseme kwanza katika Swahili, kisha tumpe neno la Kifaransa.

2. Vifuniko vya chupa

Okoteni vifuniko 24, muvioshe. Mwambie mtoto avipange mistari iliyo sawasawa. Atapata mistari 2 ya 12, 3 ya 8, 4 ya 6. Hiyo ndiyo tabula ya kuzidisha, lakini sasa anaiona kwa macho. Kisha ondoa kifuniko kimoja, vibaki 23, mwambie apange tena. Atahangaika! Vitakubali mstari mmoja tu. Mwache ahangaike kidogo, maana pale ndipo anagundua namba tunazoziita za kwanza, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Wandugu, kazi hii ya kuweka hesabu mkononi si mambo mageni kwetu. Katika mwaka wa 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo pale Ishango, Kivu ya Kaskazini, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard. Mfupa ule una umri wa miaka karibu 20.000, na leo unatunzwa Brussels. Umechorwa alama katika mistari mitatu. Mmoja una mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19: ndizo namba za kwanza zote zilizo kati ya 10 na 20. Katika mstari mwingine tunaona 3 karibu na 6, 4 karibu na 8, 10 karibu na 5. Wataalamu hawapatani juu ya maana yake, na sisi hatutawaamua. Lakini jambo moja ni wazi: mtu alishika kitu mkononi, akachora alama juu yake, zamani sana mbele ya daftari na biki.

Hata Ulaya walirudi kwenye njia hii. Mwalimu mmoja wa primeri wa Ubelgiji, Georges Cuisenaire, alitengeneza vijiti vya rangi vya sentimeta 1 mpaka 10, akatoa kitabu chake katika mwaka wa 1952. Kijiti cha 3 na cha 7 vikifuatana vinalingana na kile cha 10. Mtoto anaona, hana haja ya kuamini tu. Sisi tunaweza kuvikata kwa matete na kuvipaka rangi.

3. Mchezo wa mashimo

Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wanauita igisoro. Zanzibar na pwani wanacheza bao. Ni mistari 4 ya mashimo 8, na mbegu 64. Ukichimba chini unapata bila kulipa kitu. Kabla mtoto hajagawa mbegu, muulize: "Ya mwisho itaangukia wapi?" Akijibu kabla ya kugawa, amehesabu kichwani. Lakini hapa tunaonya: kusiwe na feza katika mchezo, na mbegu zisiachwe karibu na watoto wachanga, wasije wakazimeza.

Neno la kuangalia

Mchezo peke yake haufundishi. Mtoto anaweza kucheza na vifuniko mwaka mzima na kubaki palepale. Tufuate hatua tatu: kwanza mikono ifanye, kisha kinywa kieleze, mwisho daftari liandike. Na siku mtoto anapoandika 42 bila kuangalia vijiti, tuviondoe. Ngazi si nyumba. Mtu anaipanda ili aingie.

Wengine watasema: "Madarasa yamejaa, tutapata wapi vifaa?" Ni kweli, tangu masomo ya primeri yalipofanywa bure katika shule za serikali mwaka wa 2019, watoto waliingia wengi sana. Lakini kila mtoto akileta vijiti ishirini kutoka nyumbani, vifaa tayari viko.

Mukumbuke pia Yoshua, sura ya 4. Mawe 12 yalitolewa katika Yordani, yakasimamishwa ili watoto wayaone, waulize, na wazazi wapate pa kuanzia kueleza. Kitu kwanza, swali, kisha maelezo. Mpango ni uleule.

Yule binti, baada ya wiki tatu za vijiti, aliandika 42 peke yake. Kugawanya bado kunamsumbua. Lakini mama yake hajamtoa shuleni, na sasa mafungu ya nyanya anayapanga na kuyaandika.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wakapita. Katika muhula wa kwanza tuliwanyanganya wadogo wa mwaka wa saba mfuko wa vifuniko, tukasema ni utoto. Tulikosa. Mfuko uko kwenye kabati la disiplini. Waje kuuchukua Jumatatu kisha ibada. Tulivihesabu: viko 64.

Kazi ya nyumbani: panga vifuniko hivyo 64 kwa mistari sawasawa. Kuna namna ngapi? Usijibu kwa kichwa kwanza. Shika.

Kapita wa shule, kwa niaba ya wafinalisti