Baraza la mbao limeoshwa, lipakwe lini?

SWALI: Fundi, baraza langu la mbao za mkongo, hapa Msimbati, nimelisugua kwa sabuni mpaka ukungu wote umetoka. Naweza kulipaka rangi ya mbao kesho?

JIBU: Kesho ni mapema mno. Upepo wa bahari huacha chumvi juu ya mbao, na chumvi huvuta unyevu. Ukipaka juu yake, rangi haitashika. Suuza tena kwa maji ya mvua au ya bomba, usitumie ya kisima chenye chumvi. Acha likauke siku 2 za jua kali, zaidi kama mbao ni nene. Kisha dondosha maji: yakinywewa upesi, endelea, yakisimama, subiri.

Piga msasa namba 80 kufuata nyuzi za mbao. Usilainishe kupita hapo, mkongo ni mgumu na uso laini haunywi rangi. Vaa barakoa tafadhali, vumbi lake huwasha sana pua. Lifute lote.

Paka alasiri, jua likipungua, na umalize kabla ya mvua za Desemba. Usisahau vichwa vya mbao: kuoza huanzia hapo.